Rufaa kwa Mjomba Aliyejitia Hamnazo

Kwa Ndugu Mkuu wa Shule,
ambaye kabla ya kuwa Mkuu wa Shule alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wangu, na mpaka leo hajaacha kuwa.

Kuhusu: KUKATALIWA KWA MJUKUU WANGU, NA MAMBO MENGINE YANAYOKUHUSU WEWE

Ndugu Mkuu,

Kabla sijaingia kwenye shauri lenyewe, naomba unieleze njia ya kuja kwangu imeota nini. Miiba? Maana tangu wakupe hicho kiti cha ukuu hujakanyaga hapa. Mara ya mwisho ulisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, ukasema unapita tu. Mtu anayepita tu hupita kwa jirani, hapiti kwa mama yake mkubwa. Nilikuwa nimekutolea kiti, nimekifuta kwa upindo wa nguo yangu. Nikakiacha palepale uani, nikisema labda atarudi akikalie. Kuku amekikalia. Sasa ni chake, na ukimwondoa anakutukana.

Usishangae mwandiko. Mimi sikusoma, unajua. Anayeandika ni mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye maisha yake yote ameandika maneno ya watu wenye hasira. Nimemwambia aandike ninavyosema, kisha anisomee kila mstari. Ananisumbua. Mimi nasema "nimekasirika", yeye anasoma "nasikitika". Nimemfanya afute. Nimekasirika.

Barua yenu imefika. Karani amenisomea kwa ile sauti anayosomea hukumu. Inasema mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka saba, hakuchaguliwa kuingia darasa la kwanza kwa kuwa siku ya usaili "alionyesha wasiwasi mwingi, hakujibu maswali na hakushirikiana na wasaili". Chini yake kuna sahihi yako. Niliipeleka dirishani nikaitazama vizuri. Imejikunja kama mnyoo, na ungekuwa mbele yangu ningekunyoosha.

Mwanangu, hili si jambo dogo. Shule ya hapa mtaani mwalimu mmoja ana watoto wengi kama soko la asubuhi. Mtoto wa kelele atasikika. Huyu wetu akikaa nyuma akanyamaza, mwaka utakwisha bila mtu kujua kama alikuwepo. Kwenu watoto ni wachache, mwalimu anawafahamu mpaka viatu vyao. Mama yake, binti yangu, yuko mji mwingine anauguza wagonjwa usiku na mchana, na ameniachia kazi moja tu: mtoto asome mahali atakapoonekana. Tangu barua ije, mtoto hunifuata kila asubuhi akiniuliza kama nyinyi watu mnaweza kubadili mawazo. Nikimwambia mtabadili tu, anainamisha kichwa. Nadhani ni furaha.

Kwa hiyo nakata rufaa. Karani anasema rufaa lazima iwe na sababu zilizopangwa kwa namba. Nimekubali, ingawa hasira zangu hazikuja kwa foleni.

1. Kuhusu swali la jina.

Mtoto ameingia chumbani. Ameona meza ndefu, nyuma ya meza watu watatu, na wa katikati ni mjomba wake. Njia nzima alikuwa ameogopa, mkono wake umelowa jasho unateleza ndani ya wangu kama samaki. Alipomwona mjomba, mabega yakashuka. Halafu mjomba akamtazama juu ya miwani, akamuuliza jina lake nani.

Jina la yule mtoto ni jina la mama yako mzazi! Siku alipopewa ulikuwepo hapa, ulilia kwa uchungu wa kumkumbuka mama yako, ukapenga kamasi kwenye nepi safi ya mtoto, na mimi ndiye niliyeifua. Leo unauliza. Ulitaka mtoto ajibu nini? Alinyamaza asikuaibishe mbele ya wenzako. Alipotoka nje aliniuliza kwa kunong'ona kama mjomba ana homa. Nilimwambia huenda.

Karani anakutetea. Anasema ulijitia hamnazo makusudi, watu wasije wakasema kuna upendeleo. Nimemwelewa. Mimi pia sitaki upendeleo. Nataka haki tupu, ile inayoishia mtoto kupokelewa.

2. Kuhusu vibao vya rangi.

Yule mwalimu mwenye sauti tamu alimwekea mtoto vibao, akamwambia ajenge mnara huku akieleza anachofanya. Mtoto akajenga. Najua, kwa sababu nilikuwa nje nimesimama dirishani. Mnara ulinyooka kuliko minara mingi ninayoiona ikijengwa na watu wanaolipwa. Lakini hakusema neno, na mwalimu akainama akaandika kitu, kwa huruma kabisa, kama daktari.

Umekulia kwenye chumba hiki cha magodoro, kwa hiyo hili sikufundishi, nakukumbusha tu. Kwetu mikono ikiwa kazini mdomo unafungwa. Tunachambua pamba. Ukifungua mdomo, nyuzi zinaingia, zinashika kooni, unakohoa mpaka jirani anakuletea maji. Mtoto wa nyumba hii anajifunza hilo kabla hajajua kusalimia. Mteja akinikuta najaza godoro, ananyoosha kidole kwenye kitambaa anachokitaka nami namwitikia kwa nyusi. Mimi na marehemu mume wangu ugomvi wetu ulisubiri mpaka godoro lishonwe, na tukishamaliza kushona tulikuwa tumesahau ni ugomvi wa nini. Ndiyo maana tulikaa pamoja mpaka kifo. Na wewe mwenyewe, nimeambiwa na mkeo, mpaka leo ukiwa unafunga kamba za viatu hujibu unaloulizwa. Anadhani ni kiburi. Sikumwambia, lakini ni pamba.

Basi mtoto wa namna hiyo mnampa kazi ya mikono, halafu mnamngoja ahutubie! Mngemwambia kwanza aweke vibao chini. Yeye hakushindwa usaili. Nyinyi ndio mlioshindwa kumsimamisha kazi.

3. Kuhusu picha.

Aliambiwa achore nyumbani kwao na watu wa kwao. Alichora paa, mlango na bomba la uani, na bomba linavuja kwa sababu letu linavuja. Barua yenu inasema mchoro "hauna watu, jambo linaloashiria upweke". Watu wako ndani. Mlango umefungwa. Kwani nyinyi kwenu watu wanashinda juu ya paa?

4. La nne nilikuwa nalo asubuhi, limenitoka. Karani aache nafasi.

5. Kuhusu huo wasiwasi.

Hapa sitampamba mtoto. Anao. Kukiwa na safari kesho, analala viatu viko kichwani pake. Anauliza itakuwaje mvua ikinyesha tukiwa njiani, na nikimjibu, anauliza itakuwaje isiponyesha, mwavuli tutauweka wapi. Anakagua kufuli, anaondoka, anarudi kukagua kama alilikagua. Mwanasesere wake amefungwa bandeji mguuni tangu mwaka jana. Hajaumia. Ni tahadhari.

Sasa nakuuliza, ndugu Mkuu, kasoro iko wapi? Katika nyumba hii hakuna jiko lililowahi kusahaulika likiwaka. Kwenu, nimeongea na mlinzi wa getini, mtu mzuri sana, alimpa mtoto maji ya kunywa, amenieleza kwamba bomba la stoo liliachwa wazi wikendi nzima mpaka vitabu vikaelea. Shule nzima, walimu wote wale na shahada zao, hakuna hata mmoja aliyelala Ijumaa akashtuka kitandani akisema, jamani, bomba! Mlikosa mtu mwenye wasiwasi. Mmempata, mmemkataa.

Na yule mvulana aliyeingia kabla yake? Nilimwona. Alijibu maswali kabla hayajaisha, akapanda juu ya kiti, akaimba wimbo wenye beti nyingi, mkapiga makofi. Huyo mmempokea. Mungu amkuze. Lakini shule ikishika moto yeye atakuwa anaimba. Mjukuu wangu atakuwa ameshatoka nje, amewapanga wenzake mstari, na ana mwavuli.

Kwa hiyo naona mmeshika usaili kichwa chini miguu juu. Mwenye wasiwasi apokelewe kwanza. Wanaojiamini wawekwe kwenye orodha ya kusubiri, kwa kuwa wao hata wakisubiri hawaumii. Na mwalimu yeyote anayeweza kukabidhiwa darasa zima la watoto wa watu bila tumbo kumkata hata kidogo, huyo ndiye aitwe mbele ya meza ndefu aulizwe jina lake.

6. Kuhusu wewe.

Haya sikutaka yaandikwe, lakini karani anasema mahakamani huitwa ushahidi wa mwenendo, na alipolitamka hilo neno macho yake yaling'aa kama ya kijana.

Siku yako ya kwanza ya shule hukuonekana. Tulikutafuta chini ya vitanda, nyuma ya mapipa, kwa majirani. Mama yako alikuwa barabarani anapiga kelele. Mimi nikasema nikikaa bure nitachanganyikiwa, ngoja niendelee na godoro la mteja. Nikachukua sindano ndefu, nikaanza kulishona mdomo. Godoro likaniambia, "Mama Mkubwa, usinifunge."

Ulikuwa humo, katikati ya pamba, umejikunja na kipande cha mkate mkononi. Nilikushika mguu nikakuvuta nje. Nilikubeba mgongoni mpaka shuleni, nywele nyeupe kote, na mwalimu aliyekuwa mlangoni akauliza huyu babu ni wa nani. Hakuandika kwamba hukushirikiana. Alikuonyesha dawati, akakupa chaki uishike tu, usiandike. Ulishinda umeishika. Kesho yake ulikwenda mwenyewe.

Kama mwalimu yule angekuwa na karatasi za alama kama zenu, leo shule yenu ingekuwa na mkuu mwingine, na wewe ungekuwa hapa unajaza magodoro pamoja nami. Nikilifikiria vizuri, si jambo baya. Lakini haya, tuendelee.

4. Nimelikumbuka. Ni maua.

Katika barua yenu, sehemu ya mwisho, mmeandika kwamba wazazi na walezi wanaombwa kutokanyaga bustani. Hamkutaja mtu, mna adabu. Ni mimi. Nilikanyaga, na nikirudi nitakanyaga tena palepale, kwa sababu dirisha la chumba cha usaili mmelipandia maua chini yake. Bibi asimame wapi? Nimemlea mtoto kwa maneno, kwa uji na kwa kumbeba, halafu anaingia kuulizwa maswali na watu watatu, mimi nikae kwenye benchi la mbali nikitazama bendera? Ng'oeni maua, wekeni ubao wa kusimamia.

7. Maombi yangu.

(a) Usaili urudiwe, na ufanyike hapa kwangu. Wasaili waje na nguo za kazi, wakae mkekani, kila mmoja apewe fungu lake la pamba, na waulize maswali yao huku wakichambua. Atakayeanza kukohoa atoke. Atakayebaki ndiye mwenye haki ya kumpima mjukuu wangu.

(b) Ombi hilo likikataliwa, naomba nirudishiwe mto ulioko kwenye kiti chako cha ofisini. Niliujaza mimi, kwa pamba niliyoichambua kwa mkono mpaka ikawa laini kama wingu, nikijua unakwenda kukalia kazi nzito. Ukae juu ya mbao kavu, halafu usome tena hayo majina ya waliokataliwa. Nina hakika yatakuwa machache.

(c) Na hilo pia likikataliwa, basi niandikisheni mimi. Tazama vigezo vyenu mwenyewe. Wasiwasi sina hata chembe. Maswali najibu yote, hata yasiyonihusu. Kushirikiana, nashirikiana mpaka watu wanafunga madirisha. Kwa vipimo vyenu hamjawahi kupata mtoto kama mimi. Umri umezidi kidogo, lakini hamkuandika mwisho wake ni upi, karani ameangalia. Nikishapata nafasi nitakuja na mjukuu wangu anibebee begi, na kwa kuwa haiwezekani mzee kama mimi aende msalani peke yake shule kubwa namna ile, itabidi akae darasani karibu nami. Baada ya muda mimi nitaugua magoti, nitaacha kuja. Yeye atakuwa ameshazoea, nanyi mtakuwa mmeshamzoea, na hakutakuwa na upendeleo wowote.

Karani ameweka kalamu chini. Anasema katika kazi yake yote hajawahi kuona ombi kama hilo (c). Nimemshukuru. Anasema hakuwa ananisifu.

Sina la ziada, ingawa ninalo. Nisalimie mkeo, mwambie ule mgongo wake dawa yake ni godoro gumu, si vidonge, na aje mwenyewe nimpime. Nisalimie wanao, mwambie yule mkubwa kwamba kuota ndevu si sababu ya kuacha kupiga simu. Salamu kwa mlinzi wa getini. Salamu hata kwa yule mwalimu mwenye sauti tamu, sina ugomvi naye, nilimwona akimfunga mtoto kifungo cha shati kabla ya kuanza, na mtu anayeona kifungo anaweza kufundishika.

Wako kwa uchungu na kwa upendo, vyote viwili pamoja,

Mama yako Mkubwa,
Fundi Magodoro
(alama ya dole gumba, hicho cheupe kilichoganda ni pamba, usikikwangue, utaharibu sahihi)

Nyongeza: Usisome yaliyo juu. Kama umeshasoma, hapo sina la kufanya.

Karani alikuwa ameingia ndani kutafuta bahasha. Mimi nikaenda chumba cha kazi kumwita mtoto aje asikie jinsi nilivyompigania. Sikufika ndani, nilisimama nyuma ya mlango. Mikono yake ilikuwa imezama ndani ya pamba mpaka viwiko, simu yangu ameilaza juu ya godoro, mama yake anasikika kwa sauti kubwa, na mtoto anaongea. Mikono inafanya kazi, na anaongea! Pamba zinamwingia mdomoni, anatema, anaendelea. Kwa hiyo la pili, lile la vibao, limekufa, na sijui amejifunzia wapi tabia hiyo.

Alikuwa anamsimulia mama yake usaili. Anasema maswali yalikuwa rahisi. Anasema mjomba alipomuuliza jina alibana kicheko mpaka mbavu zikamuuma. Watu kwenye picha anawajua kuwachora, aliwaacha makusudi kwa sababu angewachora mngemwambia awaeleze. Alinyamaza makusudi mwanzo mpaka mwisho. Mama yake akamuuliza kwa nini, mwanangu, shule nzuri vile? Akasema, "Mama, kule wanakaa mpaka jioni. Bibi haoni tundu la sindano. Anasema anaona, lakini anachoma hewa, halafu anasema uzi ni mbovu. Mimi nikienda, nani atamtungia uzi?"

 Nilirudi kwa karani nikinyata, nikamwambia ashike tena kalamu.

Kwanza kabisa, naona vizuri. Uzi wa siku hizi ni mbovu kweli, muulize karani. (Karani amekohoa, na hajashika pamba.)

Basi mlikuwa sahihi, hakushirikiana. Rufaa naiondoa, namba zote, pamoja na maua. Nilitaka barua hii ichanwe, karani amekataa, anasema jalada likishafunguliwa halichanwi. Lakini usinitumie barua ya kusema mmempokea. Ukimpokea kwa barua atakuja, atakaa pale dawati la mbele, na atanyamaza mwaka mzima, namjua, ana kichwa kigumu na sijui amekirithi kwa nani.

Fanya hivi. Jumamosi njoo. Acha tai nyumbani, acha na haraka. Usizungumzie shule. Kaa mkekani karibu naye, useme umekuja kutunga sindano zangu zote za wiki nzima, uzichomeke kwenye kile kitambaa cha ukutani, na kwamba utafanya hivyo kila Jumamosi. Muombe akufundishe. Ana namna yake, anailowesha ncha ya uzi kisha anaibana kwa kucha. Ifuate hiyohiyo, usilete yako. Mwanzoni kosea kidogo, apate raha ya kukukaripia. Lakini nakuomba, mwanangu, usikosee sana, hatakubali kuniacha mikononi mwako.